Kabla ya Kumkabidhi Kijana Mpira, Hesabu Walio Mbele Yake

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa baba mmoja anayeishi Minneapolis, mzaliwa wa Bujumbura, ambaye kwa miaka miwili sasa amejitolea kufundisha timu ya futiboli ya Kimarekani ya vijana wa mtaani kwake. Wachezaji wake wakubwa wote wamehamia timu za shule za sekondari, amebaki na watoto wapya watupu, na miongoni mwao yumo mmoja wa miaka 13 ambaye mpira ukitoka mkononi mwake, kwa maneno ya baba huyo, "unakwenda kama jiwe la manati". Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, nimwanzishe sasa hivi awe kwotabeki, au akae benchi mwaka mzima ajifunze kwanza?" Kwotabeki ndiye mchezaji anayeongoza mashambulizi na kuwarushia wenzake mpira.

Nilianza kumjibu mara tatu nikafuta, kwa sababu swali hilo liligusa kidonda nilichodhani kimekwisha kupona. Mimi ni shabiki wa Houston Texans tangu usiku timu hiyo ilipocheza mchezo wake wa kwanza wa ligi, na kwa misimu kadhaa nilifundisha timu ya watoto ambayo nayo ilikuwa ikijengwa upya kutoka chini. Kosa nililoliona kwa wakubwa nikiwa nimekaa jukwaani, nikalilaani kwa sauti, ndilo nililokuja kulifanya mimi mwenyewe kwa mtoto wa mwenzangu. Najua wengi wenu mnaonisoma mna shauku kama yangu, iwe ni kwa timu mnayoishabikia au kwa ile mnayoifundisha Jumamosi asubuhi, kwa hiyo nitawaeleza yote kama yalivyokuwa.

Nilifika Houston mwaka 2001 nikitokea Tanga. Timu ya zamani ya mji huu, Oilers, ilikuwa imehamia Tennessee baada ya msimu wa 1996, na wenyeji niliofanya nao kazi ya usiku ghalani walikuwa wakiizungumzia kama watu wanavyomzungumzia marehemu wa nyumbani. Mwaka 2002 mji ukapata timu mpya. Katika drafti, yaani siku ambayo timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, Texans walipewa nafasi ya kwanza kabisa ya kuchagua, nao wakamchukua David Carr, kwotabeki wa chuo cha Fresno State. Tarehe 8 Septemba mwaka huo, katika shambulizi lao la kwanza, Carr alimrushia Billy Miller mpira wa yadi 19 kwa tachidauni, yaani kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani na kupata pointi, na usiku ulipokwisha walikuwa wamewafunga Dallas Cowboys 19 kwa 10. Mzee mmoja wa pale ghalani, ambaye hakuwahi kuivua kofia yake ya Oilers hata wakati wa joto kali, alilia mbele ya televisheni bila kujificha, nami usiku ule nikawa mtu wa Houston.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkitazame kwa makini. Kwotabeki hupokea mpira akiwa nyuma ya walinzi watano ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mpaka atakapourusha. Watano hao ndio ukuta wake, na ukuta ukipasuka yeye huangushwa mpira ukiwa bado mkononi. Katika michezo 16 ya msimu ule David Carr aliangushwa mara 76. Hakuna kwotabeki mwingine katika historia ya NFL, kabla yake wala baada yake, aliyeangushwa mara nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja.

Huwa nasikia watu wakisema kwamba viongozi wa timu walisahau kujenga ukuta, na hilo si kweli. Kabla hata ya kumchagua Carr, timu hiyo mpya ilipopewa ruhusa ya kuchukua wachezaji kutoka timu nyingine, mtu wa kwanza kabisa waliyemchukua alikuwa Tony Boselli wa Jacksonville, mlinzi wa kushoto aliyehesabiwa miongoni mwa walio bora kabisa wa wakati wake. Bega lake lilikuwa bovu, halikupona, na hakuwahi kuichezea Houston hata mchezo mmoja. Kwa hiyo walijua walichohitaji, wakakitafuta, wakakikosa, na walipokwisha kukikosa wakaendelea na mpango uleule kana kwamba wamekipata. Hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe, na ndipo lilipo langu pia.

Desemba ya mwaka ule mwenzangu mmoja wa kazini alishikwa na homa akanipa tiketi yake ya safu za chini, karibu na mstari wa pembeni. Nilimwona Carr akiangushwa hatua chache kutoka nilipokaa. Aliinuka kwa kuanzia magoti, akapitisha vidole viwili katikati ya vyuma vya helmeti yake, akatoa kibonge cha majani na udongo, akakitazama kidogo, akakitupa, kisha akapiga makofi kuwaita wenzake wakusanyike wapange jaribio linalofuata. Alikuwa na umri wa miaka 23. Nilimpigia makofi kwa ushujaa wake, na leo nasikitika kwamba sisi mashabiki tuliupenda mno ushujaa ule hata tukasahau kuuliza kwa nini ulihitajika kila baada ya dakika chache.

Katika miaka mitano aliyokaa Houston aliangushwa mara 249. Mwaka 2005 peke yake alianguka mara 68, na timu ikashinda michezo 2 ikapoteza 14. Kufikia hapo alikuwa akirusha mpira kabla ya wakati wake, au akiushikilia mno kwa sababu hakuwa akiamini tena alichokiona, na mji mzima ulisema kwamba hana moyo. Nilisema hivyo mimi pia, tena kwa sauti, kwenye kinyozi, mbele ya watu. Mwaka 2007 akaachwa, na baadaye alipata pete ya ubingwa akiwa na New York Giants katika msimu wa 2011, lakini akiwa benchi, nyuma ya Eli Manning.

Sasa niwaeleze habari zangu. Mwaka 2014 nilichukua timu ya watoto wa miaka 12 na 13 kusini-magharibi mwa Houston, mahali ambapo familia za Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya zimekaa kwa wingi kiasi kwamba mazoezi yetu yalikwenda kwa Kiswahili nusu na Kiingereza nusu. Mwaka wangu wa pili wakubwa wote walihama kwa mkupuo. Katika waliobaki palikuwa na kijana mmoja mwembamba, mtulivu, mwenye mkono uliowafanya wazazi waache kupiga soga wakati akirusha. Mbele yake niliwapanga watoto watano ambao mwezi mmoja kabla ya hapo walikuwa wakicheza soka tu, na ambao hawakuwa wamewahi kuinama, kuweka mkono chini na kumsubiri mtu anayewajia kwa kasi. Nilijua kwamba hawako tayari. Nilijipa moyo kwamba watajifunza kadiri msimu unavyokwenda, na kwamba kijana mwenye kipaji hujikomaza mwenyewe.

Mchezo wa kwanza alianguka mara saba. Wa pili niliacha kuhesabu. Kufikia wa nne niliona jambo ambalo sasa naweza kulitambua kutoka upande wa pili wa uwanja: macho yake yalikuwa yameshuka. Kwotabeki anayejifunza hutazama mbali, kwa wapokeaji wake na kwa walinzi wa nyuma wa wapinzani, na hapo ndipo anapousoma mchezo. Kwotabeki anayeogopa hutazama miguu ya watu wanaomjia. Mpokeaji wangu alikuwa amebaki peke yake kabisa, mikono juu, na kijana wangu hakumwona kwa sababu alikuwa akitazama viatu. Nami badala ya kumwelewa nilimfokea mbele ya wazazi wote: "Simama imara! Unaogopa nini?"

Jioni ile mama yake alinifuata kwenye maegesho ya magari. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Aliniambia, "Kocha, mwanangu siku hizi mlango ukibamizwa anainamisha kichwa." Wiki mbili baadaye kijana aliacha timu, akaenda kukimbia riadha shuleni. Nimekutana naye mwaka jana dukani, mtu mzima mwenye ndevu, akaniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, kocha," tukaulizana hali ya nyumbani na kazi, wala hakuna aliyetamka neno futiboli. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu kabla sijaliwasha.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Minneapolis, nakuambia kwa upendo kwamba swali lako limeanzia mahali pasipofaa. Mashabiki na makocha tumelibishania kwa miaka mingi, aanze au asubiri, na kila upande una mifano yake. Watu watakutajia Patrick Mahomes wa Kansas City, aliyekaa nyuma ya Alex Smith karibu msimu mzima wa 2017, kisha mwaka uliofuata akarusha tachidauni 50. Watakutajia Aaron Rodgers wa Green Bay aliyemsubiri Brett Favre kwa miaka mitatu. Ni kweli, lakini Kansas City na Green Bay zilikuwa timu zilizokwisha kusimama, zenye ukuta na kwotabeki mzoefu. Timu inayojengwa upya haina anasa hiyo. Na ukimweka kijana benchi mwaka mzima bila kujenga chochote mbele yake, utakuwa umeahirisha tu siku ya kuanguka kwake.

Wengine watakwambia kwamba anayeogopa kukosea hafai kuwa kwotabeki, na hapo lazima tutenganishe mambo mawili ambayo mimi niliyachanganya. Peyton Manning, kwotabeki wa Indianapolis, alianza michezo yote 16 ya mwaka wake wa kwanza, 1998, na pasi zake 28 zilinaswa na wapinzani, rekodi ya chipukizi ambayo hakuna aliyeitamani. Indianapolis walishinda michezo 3 na kupoteza 13. Mwaka uliofuata timu ileile ilishinda 13 na kupoteza 3. Kwa nini makosa 28 hayakumvunja? Tazameni takwimu ya pili: mwaka ule Manning aliangushwa mara 22 tu. Alikosea akiwa amesimama. Aliona mpira ukinaswa, akaona ni nani aliyeunasa na alitokea wapi, na kesho yake akauliza. Mtoto aliyelala chini hajui pasi yake imekwenda wapi. Anachojua ni kwamba mgongo unauma.

Mwaka 2023 Houston ilipata nafasi nyingine, na nakiri kwamba nilikuwa na hofu. Timu ilikuwa imetoka kushinda michezo 4, kisha 4, kisha 3 katika misimu mitatu mfululizo. Carolina walichagua kwanza, wakamchukua kwotabeki Bryce Young. Houston wakafuata kwa C.J. Stroud, kwotabeki wa chuo cha Ohio State. Kocha mpya alikuwa DeMeco Ryans, ambaye aliwahi kuichezea timu hii hii, na katika drafti ileile walipanda hadi nafasi ya tatu ili kumpata Will Anderson, mtu wa ulinzi, ili kijana asilazimike kufukuzia pointi kila wiki. Michezo miwili ya kwanza Stroud aliangushwa mara 11, nami nikazima televisheni nikatoka nje, kwa sababu niliona kibonge cha majani cha mwaka 2002. Wiki ya tatu walikwenda Jacksonville huku walinzi kadhaa wa kwanza wa ukuta wakiwa majeruhi, wakashinda 37 kwa 17, na Stroud hakuangushwa hata mara moja.

Niliurudia mchezo ule usiku wa manane nikiwa na daftari. Mpira ulikuwa ukitoka mkononi mwake haraka. Mara nyingi alijifanya kumpa mkimbiaji, wapinzani wakavutwa upande mmoja, naye akarusha upande wa pili. Ukuta wao haukuwa na majabali. Makocha walikuwa wameupunguzia muda wa kusimama. Mwezi wa Novemba, dhidi ya Tampa Bay, wakiwa nyuma kwa pointi nne na sekunde 46 zimebaki, kijana huyo alivuka yadi 75 na kumpata mpokeaji Tank Dell kwa tachidauni zikiwa zimesalia sekunde 6. Matokeo yalikuwa 39 kwa 37, na yadi zake 470 ni nyingi kuliko alizowahi kurusha chipukizi yeyote katika mchezo mmoja wa NFL. Mwaka ule timu ilishinda 10 na kupoteza 7. Nilimkumbuka mzee wa ghalani na kofia yake.

Young, ambaye wengi walimwona kuwa bora zaidi ya Stroud, aliangushwa mara 62 mwaka huohuo. Carolina walikuwa wamemtoa mpokeaji wao mkuu, DJ Moore, ili waipate nafasi ya kumchagua yeye, kisha wakamfukuza kocha baada ya michezo 11, wakamaliza wakiwa wameshinda 2. Na kama kuna anayedhani kwamba Stroud alikuwa jiwe lisilovunjika, atazame msimu wa 2024: aliangushwa mara 52, pasi zake zilizonaswa zikapanda kutoka 5 hadi 12, na katika mtoano Kansas City walimlaza chini mara 8 kwa mchezo mmoja. Alikuwa na mwaka mmoja zaidi wa uzoefu na akacheza vibaya zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na katika mchezo huu utaujenga juu ya mgongo wa kijana.

Mimi niliujenga mbele ya kijana mwaka 2018, nilipopata tena timu ya watoto wapya watupu. Majira yote ya joto sikumruhusu mtu yeyote kurusha mpira mbali. Niliwachukua watano wangu wa mbele, nikawafundisha hatua mbili za kwanza tu, mguu wa ndani kisha wa nje, tena na tena, mpaka jua likazama nasi tukawasha taa za magari ili tuendelee. Senta wangu, yule anayempitishia kwotabeki mpira katikati ya miguu yake, alikuwa kijana wa Kikongo mwenye sauti nzito, na nilimpa kazi ya kuwaambia wenzake kwa Kiswahili nani amshike nani, kwa sababu wapinzani hawakielewi. Kwotabeki nilimpa mipango minne, si arobaini. Nilimgawia uwanja nusu: tazama upande huu, mmoja, wawili, ukiona hakuna kitu utupe mpira nje ya mstari, nami nitakupigia makofi. Michezo mitatu ya kwanza alianza kijana mwingine mkubwa zaidi, asiye na mkono wa ajabu, huku chipukizi akisimama kando yangu akinieleza alichokiona.

Tulishinda michezo 2 kati ya 8, na wazazi wawili waliwahamisha watoto wao. Lakini katika daftari langu, ambamo sikuandika pointi bali idadi ya mara kijana alizoangushwa, ukurasa mbaya kuliko yote ulikuwa na alama tatu. Mwaka uliofuata tulishinda 6. Najivunia daftari lile kuliko kikombe chochote, na nalihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya watoto wangu.

Basi nawasihi, ndugu zangu, msimpe kijana mpira kwa sababu mkono wake unawafurahisha wazazi. Jengeni mbele yake kwanza. Mkiwa mashabiki, mnapoona chipukizi wenu akiangushwa mara tano kwa mchezo, msimzomee yeye. Mkasirikieni aliyemweka pale bila ukuta, na mfanye hivyo tangu wiki ya kwanza, si baada ya miaka mitano kama tulivyofanya sisi. Msimbadilishie kocha kila mwaka. Jengeni mbele yake, na mkikosa watu wa kumjengea, fupisheni muda anaoshika mpira, na mkishindwa hilo nalo, mtoeni kabla macho yake hayajashuka, kwa maana yakishashuka ni kazi ya miaka kuyainua, na mimi sikuweza.

Nilimwandikia baba wa Minneapolis kwamba kabla sijamjibu lolote kuhusu kijana wake mwenye mkono wa manati, anitumie majina ya watoto watano watakaosimama mbele yake, pamoja na maneno mawili ya jinsi kila mmoja anavyosimama akisukumwa. Jana usiku alinijibu. Anao watatu. Mazoezi yao yanaanza Jumanne, na tumekubaliana kwamba mpira utabaki ndani ya mfuko mpaka awapate wawili waliosalia.